Kreti, mitungi, ndoo au shogi la gunia: chombo gani kinafaa baiskeli ya mzigo?

Muuza mayai na muuza viazi hawawezi kutumia chombo kimoja, hata kama baiskeli zao zimetoka duka moja. Ukitaka jibu la haraka: kwa vitu vinavyovunjika, na unavyovishusha kila baada ya nyumba mbili, chukua kreti juu ya keria. Kwa mzigo mchanganyiko wa kila siku, kilo 15 hadi 25, chukua mitungi miwili iliyokatwa, mmoja kila ubavu. Kwa mzigo mzito wa aina moja, shogi la gunia, yaani mifuko miwili iliyounganishwa inayoning'inia pande mbili za gurudumu. Ndoo ni ya vitu vya majimaji na vyakula vinavyotaka kifuniko. Sababu zake ziko hapa chini, na ndizo zitakazokusaidia mzigo wako usipofanana na wowote kati ya hii.

Baiskeli tunayoizungumzia ni Black Mamba, ile nzito ya magurudumu ya inchi 28 inayoonekana kutoka Busia hadi Ahero, magharibi mwa Kenya. Pale baiskeli ya gia inapotofautiana, tutasema.

Chombo hakibebi, kinapanga

Kinachobeba mzigo ni keria, ekseli, spoki na tairi. Kazi ya chombo ni kuamua mzigo ukae wapi: juu au chini, mbele au nyuma ya ekseli, katikati au pembeni. Kilo 20 zikikaa ubavuni mwa gurudumu, karibu na ekseli, baiskeli inatulia hata ukiendesha polepole. Kilo zilezile ukizipandisha juu ya keria ndani ya kreti, kila ukikanyaga pedali zinaivuta baiskeli kulia na kushoto. Ukisimama ghafla kwenye tuta zinataka kuangukia upande, na mguu mmoja hauwezi kuzizuia. Ukizisogeza nyuma ya ekseli ndiyo mbaya zaidi: gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unaanza kucheza, na ukipanda mlima kama Riat unaweza kuhisi mbele ikitaka kuinuka.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "kinaingia kiasi gani?" Uliza kilo ngapi zitakaa juu ya mstari wa kiti, na ngapi zitakaa nyuma ya ekseli. Chombo kikubwa mno kina ubaya wake pia, kwa sababu nafasi ikiwepo itajazwa.

Keria kwanza

Keria nyepesi yenye springi ya kubana katikati ni ya vitabu na koti. Ya mzigo ni ile ya mafundi wa jua kali, iliyochomelewa kwa chuma kinene, na miguu yake inafika kwenye ekseli ya nyuma na kukazwa kwa nati ya ekseli yenyewe. Angalia viungo vyake kila wiki. Ufa haujitangazi. Unaanza kama mstari mwembamba wa kutu pale mguu unapokutana na kitanda cha keria, na rangi inabanduka kuuzunguka. Ukiuona mstari huo, peleka kwa fundi wa kuchomelea siku hiyohiyo, maana mguu ukikatika ukiwa na mzigo wa pembeni, chombo kinaingia kwenye spoki na gurudumu linafunga.

Keria nyingi zina mguu mmoja tu kila upande. Kwa kreti hiyo inatosha. Kwa mitungi au shogi haitoshi, kwa sababu sehemu ya chini ya chombo haina cha kuegemea na inajipinda kuelekea gurudumuni. Mwambie fundi aongeze chuma cha pili kila upande, kutoka ncha ya nyuma ya keria hadi karibu na ekseli, ili upande mzima uwe kama pembe tatu. Kazi hiyo huenda ikakugharimu zaidi ya chombo chenyewe, na bado ndiyo pesa yenye faida kuliko zote utakazotumia hapa.

Kreti juu ya keria

Kreti ya plastiki ya mboga na matunda, yenye matundu pande zote, ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Unaifunga asubuhi moja na jioni unafanya kazi. Kreti za soda na mkate ziache: ni mali ya kampuni, na ukikutwa nayo utaulizwa umeipata wapi. Tafuta zilizotumika za mazao. Kabla ya kununua, kunja ukingo wake kwa vidole viwili. Plastiki nzima inapinda na kurudi. Iliyochomwa na jua inatoa mlio wa kukatika, na juu yake kuna unga mweupe ukiipangusa kwa kidole. Hiyo usiichukue hata ukipewa bure, itapasuka mwezi wa kwanza.

Makosa hutokea kwenye kufunga. Watu wengi hutumia waya wa kufungia nondo, wakausokota kwenye matundu ya chini mara nne na kuondoka. Waya unafanya mambo mawili: unakata plastiki kama msumeno kila baiskeli inaporuka shimo, na wenyewe unachoka na kukatika pale uliposokotwa sana. Fanya hivi: kata mbao mbili za unene wa sentimita 2 na upana wa sentimita 5, zenye urefu wa kreti. Ziweke ndani ya kreti chini, kisha toboa kupitia mbao na matundu. Chini ya keria weka vipande viwili vya chuma bapa, na ubane vyote kwa bolti nne za milimita 6 zenye washa pana na nati mbili kila moja, ya pili ikiifunga ya kwanza isilegee. Kati ya kreti na keria weka kipande cha tyubu kuukuu. Tyubu hiyo inaondoa mlio na inazuia kreti isiteleze.

Sukuma kreti mbele mpaka ukuta wake ukaribie kuugusa mgongo wa kiti, ukiacha nafasi ya ngumi moja. Kreti ya urefu wa sentimita 60 ikilazwa kwa urefu itatokeza nyuma ya ekseli zaidi ya inavyopaswa. Ya sentimita 40 kwa 30 inatosha na inatulia.

Kwa mayai haina mpinzani. Trei ya mayai 30 ina upana wa kama sentimita 30, kwa hiyo inakaa ndani ya kreti hiyo bila kucheza sana. Yai moja ni gramu 60 hivi, trei ni kilo 1.8, na trei tano zilizopangwa moja juu ya nyingine ni kilo 9 tu. Weka gunia lililokunjwa mara nne chini, jaza pengo la pembeni kwa nguo au majani makavu ya migomba, weka trei tupu juu kabisa, halafu kaza blada mbili (kamba za tyubu iliyokatwa) kwa msalaba. Mayai huvunjika zaidi yakirushwa juu na kuangukia trei yake tena, kuliko kwa uzito wa yaliyo juu. Kinachoyaokoa ni ile blada ya juu.

Mabaya ya kreti ni matatu. Iko juu, kwa hiyo zaidi ya kilo 15 inaanza kukuendesha wewe. Haina kinga ya mvua. Na inakuzuia kupanda: Black Mamba ina bomba la juu, watu hupitisha mguu nyuma juu ya keria, na kreti ya sentimita 30 ikiwa pale huwezi. Itakubidi uilaze baiskeli kidogo na kupitisha mguu mbele ya kiti, jambo gumu kwa mtu mfupi au aliyevaa leso. Anayebeba abiria mchana, naye, hana tena pa kumkalisha.

Mitungi miwili ubavuni

Hapa ndipo tungependa msomaji atumie muda wake, kwa sababu mitungi ikitengenezwa vizuri inashinda kreti kwa karibu kila kazi isiyo ya mayai. Ikitengenezwa vibaya inaua gurudumu.

Chagua mitungi miwili ya mraba ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kupikia. Angalia chini: pembe tatu yenye namba 2 ni plastiki inayostahimili kupigwa na kupindwa. Uliokuwa na dawa ya shamba, dawa ya ng'ombe au asidi usiuguse, hata ungeuosha mara kumi. Dawa huingia ndani ya plastiki yenyewe na kutoka polepole kwenye chakula. Mtungi wa mafuta unaoshwa kwa maji moto, sabuni ya unga na kokoto chache za kutikisa ndani, mara mbili, kisha unaachwa juani wazi siku nzima.

Weka mtungi umesimama. Upande mpana, wa kama sentimita 29, ndio utakaoelekea gurudumu, na mkono wa kubebea ubaki juu. Chora mstari sentimita 5 chini ya mabega, pande tatu tu. Upande wa nne, ule wa gurudumuni, usikatwe: sehemu ya juu itabaki imeshikana hapo na kuwa kifuniko kinachojifunga chenyewe. Kabla hujashika msumeno, toboa tundu la milimita 8 pale kila mkato utakapoishia. Ukikata hadi kwenye kona kali bila tundu, ufa utaanzia hapo na kutembea wenyewe mpaka chini ndani ya wiki chache. Tundu la mviringo linausimamisha. Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Kisu cha moto kinakata haraka, lakini moshi wake ni mbaya kwa mapafu na ukingo unabaki na uvimbe unaochana mikono. Ukimaliza, pitisha msasa, kisha vika ukingo mzima kipande cha tyubu ya baiskeli kilichopasuliwa kwa urefu.

Kuna kitu kinachosahauliwa sana: ubao wa mgongo. Plastiki peke yake ikitundikwa kwenye ndoano mbili inajikunja kama mdomo, na ndoano zinachana matundu. Kata plaiwudi ya milimita 9, sentimita 27 kwa 30, iweke nje kati ya mtungi na keria, na ndani weka ubao mwembamba wa kukabiliana nao. Bolti nne za milimita 6 zibane plastiki katikati kama mkate. Paka plaiwudi rangi ya mafuta mara mbili, ukingoni hasa, la sivyo mvua ya masika itaifungua tabaka kwa tabaka.

Ndoano mbili za juu zikunjwe kwa chuma cha mviringo cha milimita 8, mdomo wake ulingane na bomba la keria bila kucheza, na uvikwe tyubu. Ndoano zikilegea zitagonga, na kinachogonga leo kitakatika kesho. Chini, kipande kimoja cha blada kitoke kwenye ubao hadi karibu na ekseli, kikazwe. Ndoano za juu zinabeba uzito. Blada ya chini inazuia mtungi usiruke na kutoka. Kukosa hiyo ya chini ndiko kunakofanya mtungi uliokaa vizuri kituoni uanguke kwenye tuta la kwanza.

Toboa matundu manne ya milimita 6 sakafuni ili maji ya mvua na ya sukuma wiki iliyooshwa yatoke. Kisha kaa kwenye kiti, uvae viatu vyako vya kazi, uzungushe pedali kinyumenyume. Kisigino kibaki na nafasi ya sentimita 3 au zaidi. Kwenye Black Mamba, ambayo nyuma yake ni ndefu, hili halisumbui sana. Kwenye baiskeli ya gia, ambayo gurudumu la nyuma limeingia karibu na pedali, kisigino karibu kila mara kitagonga. Usogeze mtungi nyuma kwa kiasi kidogo, au ukate kona yake ya chini ya mbele kwa mshazari na kuiziba kwa kipande cha plastiki na riveti. Angalia pia stendi: ile ya nyuma inayoinuka juu ya madigadi haipaswi kugusa mtungi ikifungwa.

Kila mtungi uliokatwa unabaki na lita 15 au 16. Beba kilo 10, au 12 kwa barabara ya lami, kila upande. Tofauti ya pande mbili isizidi kilo 2. Ukiwa na mzigo wa upande mmoja tu, ugawe, hata kama ni mkungu mmoja wa ndizi: ukate vichane.

Dhidi ya kreti, basi: mitungi inatulia zaidi, inafunika mzigo mvua ikinyesha, na inatolewa kwa nusu dakika ukaingia nayo nyumbani, kitu ambacho kreti iliyofungwa kwa bolti haikupi. Nafasi ya abiria inabaki, ingawa miguu yake haina pa kukaa mpaka uitoe mitungi. Kinachoishinda ni upana. Keria ya sentimita 15, jumlisha mitungi yenye kina cha sentimita 24 kila upande na mbao zake, inafika sentimita 65 hivi, na mara nyingi hiyo inauzidi usukani. Kwenye vijia vya soko la Kibuye siku ya Jumapili, usukani ukipita usidhani nyuma itapita. Vilevile kwenye udongo mweusi wa Kano wakati wa mvua: matope yanayokwama kwenye madigadi yanajaza pia pengo la mtungi na tairi. Acha pengo la vidole vitatu, na siku za matope mabaya itoe mitungi ubebe gunia.

Ndoo

Ndoo ya rangi ya lita 20 inavutia: ina kifuniko, haipitishi maji, inapatikana kila mtaa wenye ujenzi. Lakini ni ya mviringo. Ukiitundika ubavuni, inagusa keria kwa mstari mmoja tu, kwa hiyo inazunguka na kuyumba hata ukaze vipi. Mkono wake wa waya nao umetengenezwa kwa kubebwa na mtu anayetembea. Kwenye mitikisiko masikio yanayoushika yanachanika. Ndoo iliyokuwa na rangi, tena, si ya chakula.

Ndoo ya lita 10 ya mafuta ya kupikia ndiyo yenye nafasi yake. Ikae juu ya keria, kwenye ngata. Ngata ileile ya kujitwika mtungi kichwani inafaa kabisa hapa: zungusha tyubu ya pikipiki mara mbili iwe duara dogo kuliko kitako cha ndoo, ifunge kwenye keria, kisha ndoo ikae juu yake na blada mbili zipite juu ya kifuniko kwa msalaba. Kwa mandazi, uji, githeri au samaki wabichi wenye barafu ni chombo kizuri kuliko kreti na mitungi. Kwa samaki, toboa tundu moja chini na uchomeke mpira mwembamba unaomwaga maji pembeni, mbali na cheni. Maji ya samaki yakidondokea frihwili yanaondoa grisi, na kutu inafuata.

Usiitundike ndoo kwenye usukani. Hata ya lita 5. Inageuza usukani upande wake na ikiyumba inagusa spoki za mbele.

Shogi la gunia

Anayejua shogi la punda tayari anajua chombo hiki: mifuko miwili iliyounganishwa, ikining'inia pande mbili. Chukua magunia mawili ya kilo 50, yapange mdomo kwa mdomo, na uyaunganishe kwa kipande cha turubai cha sentimita 25 kinachokaa juu ya keria. Shona kwa sindano ya gunia na uzi wa katani, mistari miwili, ukikunja kingo mara mbili kwanza. Gunia la nailoni lisipokunjwa linafumuka uzi kwa uzi. Gunia la katani linashika vizuri zaidi kwenye chuma na halitelezi, ila likinyeshewa linanyonya maji na kuongeza uzito wa bure.

Kwa uzito, hakuna chombo cha bei hii kinachokaribia. Viazi, mahindi, muhogo, mkaa, kilo 25 kila upande, shogi linakubali. Halina umbo lake lenyewe, kwa hiyo linajilaza na mzigo unashuka chini vizuri. Lakini umbo hilohilo la kulegea ndilo linaloliingiza kwenye spoki. Bila kile chuma cha pili cha keria, au angalau fito mbili ngumu zilizofungwa wima kila upande, usilitumie. Fito ya mpera iliyokauka inatosha kwa msimu mzima.

Gunia moja la kilo 90 lililolazwa juu ya keria ni jambo jingine. Hapo baiskeli inakuwa mkokoteni. Inasukumwa, mkono mmoja usukanini na mwingine juu ya gunia, na haipandwi, hata kwenye mteremko.

Tenga, na kapu la mbele

Kwa kuku na maembe, tenga la fito linashinda plastiki zote, kwa sababu ya hewa. Joto la mchana la Kisumu ndani ya kreti iliyofunikwa kwa gunia linaua kuku kabla hujafika sokoni. Liwe pana na fupi, kuku wakae safu moja, na lifungwe juu ya keria kwa blada badala ya waya.

Kapu la mbele tunalipendekeza mara chache. Black Mamba nyingi zina breki za fito, yaani vyuma vyembamba badala ya waya, na fito hizo zinapita mbele ya usukani, palepale kapu linapotaka kukaa. Kapu likishuka kidogo linaegemea fito: ama breki inabaki imeshika njia nzima, ama unaivuta isije. Likibidi, lisizidi kilo 5 na lishikiliwe na vyuma viwili vinavyofika ekseli ya mbele.

Blada

Chombo chochote utakachochagua, kitashikwa na tyubu. Tyubu ya inchi 28 ikikatwa mara moja inatoa kamba ya karibu mita 2. Ipasue kwa urefu upate mbili, kila moja upana wa kama sentimita 3. Ya pikipiki ni nene na inadumu zaidi. Kata kwa mkasi mkali kwa mstari mmoja ulionyooka: kila mkwaruzo wa ukingoni ni mahali pa kuanzia kukatika. Vuta kila mzunguko mpaka urefu uongezeke kwa nusu, si zaidi. Ukiivuta mpaka mwisho haibaki na nguvu ya kufuata mzigo unapojipanga. Na mzigo hujipanga: baada ya kilomita ya kwanza simama, kaza upya. Kwa gunia la mahindi mabichi au sukuma, kaza tena baada ya ya tatu.

Kinachoharibika nyuma

Gurudumu la nyuma la Black Mamba lina spoki 40, la mbele 32, na si bure. Hata hivyo, spoki hukatika nyuma, na nyingi hukatika upande wa frihwili, ambako zimekazwa zaidi. Zipige kwa kucha mojamoja: inayotoa sauti nzito kuliko jirani zake imelegea. Ikikatika moja usiseme zimebaki 39. Mbili za jirani zimechukua uzito wake, na zitafuata.

Pancha yenye matundu mawili madogo sambamba haikutokana na mwiba. Tairi lilikuwa na upepo mdogo, mzigo ukaibana tyubu kati ya shimo na rimu. Pampu mpaka kidole gumba kishindwe kabisa kubonyeza tairi la nyuma, kisha ndipo upakie. Hili linahusu kreti na shogi zaidi, kwa kuwa watu huzipakia baiskeli ikiwa imesimama kwenye stendi, gurudumu likiwa hewani, na hawaoni tairi lilivyobonyea.

Kisha breki. Kutoka Kakamega, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Kisumu, mita 1,130 hivi, sehemu kubwa ya mteremko iko kati ya Kiboswa na Mamboleo. Breki za fito zinabana rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa hushika vibaya sana. Ukiwa na zaidi ya kilo 20 na mvua imenyesha, shuka utembee na baiskeli kipande hicho, mkono kwenye breki ya nyuma. Ukiwa na mitungi utatembea upande wa kushoto kama kawaida. Ukiwa na shogi lililojaa, sogea mbele usawa wa usukani, kwa sababu ubavu wa gunia hukusukuma goti.

Mzigo wako ni upi?

Maziwa hayamo kwenye vyombo hivi. Bodi ya Maziwa ya Kenya inataka yasafirishwe kwa mikebe ya alumini au chuma kisichoshika kutu, na sababu ni ya kweli: mdomo mwembamba wa mtungi hauingizi mkono wa kusugua, mikwaruzo ya plastiki inahifadhi vijidudu, na maziwa ya asubuhi yanachachuka kabla ya saa sita. Mkebe wa lita 10 ukijaa ni kilo 10.3 za maziwa peke yake. Miwili inakaa vizuri ndani ya mitungi iliyokatwa, ikiwa mdomo wa mkato ni mpana wa kutosha. Pima kabla ya kukata.

Omena kavu ni nyepesi na inachukua nafasi: gunia moja juu ya keria, lililolazwa kwa urefu. Nyanya zipelekwe kwa mitungi, si kwa shogi, na zisizidi nusu ya kina, la sivyo za chini zitafika zimekuwa supu. Sukuma na mchicha, kreti, zikiwa zimesimama kwa vifungu na gunia lililolowa juu. Mkate, kreti yenye turubai. Mkaa, shogi la zamani ambalo hutalitumia tena kwa chakula.

Na anayeuza vitu tofauti siku tofauti asitengeneze vyote vinne. Atengeneze keria yenye miguu miwili kila upande na mitungi yenye ndoano, halafu awe na kreti ya kufunga kwa blada peke yake kwa siku za mayai. Kreti ya blada inacheza kuliko ya bolti, lakini kwa trei tano za kilo 9 haitamsumbua, mradi ile tyubu ya kuzuia mtelezo iwe chini yake.